Kamati ya Magari Chuno: mabanda yanapungua

[19:02] Mzee Chilumba: Habari za jioni wanakamati. Wenye yadi wawili wametuma salamu, mwaka huu hawaleti gari kwenye maonyesho yetu ya magari ya Julai hapa Chuno, Mtwara. Wa spea nao wanasuasua, na getini watu wanazidi kupungua. Tuseme sababu, na kila mtu aseme anachokijua kwenye kazi yake.

[19:05] Rehema Spea: Shikamoo mzee. Mimi naanza na tarehe. Julai mkulima hana hela, halafu wiki chache mbele kuna Nane Nane pale Ngongo, Lindi. Mwenye banda hawezi kulipia turubai, jenereta na vijana mara mbili karibukaribu hivyo. Akipiga hesabu anakwenda Ngongo.

[19:06] Mzee Chilumba: Marahaba mwanangu. Endeleeni.

[19:08] Fundi Hamisi: Dar mpaka hapa ni kama kilomita 560. Gari la yadi likija na kurudi, dashibodi imeshasoma zaidi ya 1,100, na kokoto zimeshapiga kioo. Anaona bora apige picha akiwa hukohuko.

[19:11] Juma Umeme: Hata wakubwa limewakuta. Maonyesho ya magari ya Geneva, Uswisi, yalianza 1905. Mwaka 2019 yalipata watu zaidi ya 600,000. Yaliporudi 2024 yakapata kama 168,000, na makampuni makubwa yaliyokuja yalikuwa ya kuhesabika: Renault, MG, BYD. Mei mwaka huohuo waandaaji wakatangaza wamefunga. Banda la kule ni ghali mno, na siku hizi kampuni inazindua gari mtandaoni siku inayoitaka yenyewe.

[19:12] Mama Zuhura: Kwa hiyo na sisi tufunge?

[19:15] Juma Umeme: Hapana mama. Maonyesho ya Tokyo yalipata watu zaidi ya milioni 2 mwaka 1991, wakashuka mpaka kama 614,000 mwaka 2009. Mwaka 2023 wakabadilisha jina na vilivyomo, wakaingiza roboti na kampuni changa, watu wakapita milioni 1. Wajerumani nao 2021 waliyatoa maonyesho yao Frankfurt wakayapeleka Munich, na sehemu ya magari wakaiweka kwenye viwanja vya katikati ya mji, kuangalia bure.

[19:17] Rehema Spea: Hapo ndipo penyewe. Toyota IST imejaa kila kona ya Mtwara, bei yake iko kwenye simu. Mtu alipe kiingilio aone rangi?

[19:24] Fundi Hamisi: Aone uvungu. Simu haimwonyeshi uvungu, na sisi wa pwani chumvi inaanza kula huko. Gari moja liinuliwe mbele, hivi:
Hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Jeki ipandishe, kisha stendi mbili za tani 3 chini ya ule ukingo wa mlango wenye alama mbili zilizokatwa. Ukiweka nje ya alama, ukingo unakunjika. Jeki ishushwe mpaka uzito wote ukae kwenye stendi, ndipo lisukumwe kidogo kuona kama linacheza.
Mtu asiingie chini. Kilazwe kioo kikubwa cha kabati, taa imulike juu, hata mzee anaona kila kitu akiwa amesimama.
Fundi agonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito na maganda yanadondoka. Halafu sumaku iliyofungwa kitambaa ipite chini ya milango. Penye puti nene ya kuficha kutu haishiki. Hilo mnunuzi anakwenda nalo nyumbani.

[19:26] Mama Zuhura: Hilo hata mimi nalipia 👏

[19:30] Rehema Spea: Banda langu litakuwa la oili ya gia. IST ya kwanza ina gia otomatiki ya kawaida, inakunywa ATF, yaani oili ya gia otomatiki. Za kuanzia 2007 nyingi zina CVT, ndani ni mkanda wa chuma na puli. Ukiitia ATF mkanda unateleza, unakwangua puli, gia boksi imekwisha. Watu wanaziita zote IST, wanauziwa kopo lolote. Nitaweka gia boksi mbili zilizofunguliwa, mtu ashike mkanda kwa mkono wake.

[19:33] Juma Umeme: Na miziki ya kwenye magari ife. Redio kubwa inakula hata amp 5. Betri ya gari ya saizi ya NS60 ni Ah 45, yaani amp 5 kwa saa tisa, kwa hiyo masaa manane yanaiacha karibu tupu. Jioni gari linasukumwa mbele ya wateja, nani atalinunua? Redio ipate betri yake pembeni. Gari lisilowashwa litolewe waya wa hasi. Mafuta lita 5 tu. Marekani kanuni moja ya moto kwenye kumbi ni robo tanki au galoni 5, ile iliyo ndogo.

[19:36] Mzee Chilumba: Nafasi je? Uwanja ule mkubwa.

[19:38] Fundi Hamisi: Mita 6 kwa 4 kila gari, milango ifunguke pande zote. Yakija manane, yakae pamoja na kamba ivutwe karibu. Tukiyatawanya uwanja mzima, mtu anachungulia getini na kurudi.

[19:40] Rehema Spea: Na tarehe iwe mwanzo wa Novemba. Minada ya korosho kwa kawaida inaanza Oktoba, malipo ya kwanza yatakuwa yameingia. Desemba mvua, uwanja umelowa.

[19:41] Mzee Chilumba: Novemba naiunga mkono. Ila ardhi yetu ni mchanga, Fundi. Stendi hazitazama?

[19:43] Fundi Hamisi: Zitazama, mzee, tena upande mmoja, gari lianguke. Kila stendi ikae juu ya ubao.

[19:44] Mzee Chilumba: Taja vipimo, kesho napita kwa seremala.

[19:45] Fundi Hamisi: Inchi 12 kwa 12, unene inchi 2. Vipande vinne, viwili vya akiba.