Aliyefungwa kwa kosa la bangi anyimwe kibali cha gobore?

Mrina Asali, Sikonge
Ndugu zangu, naomba maoni. Mjomba wangu alikuwa na gobore lenye kibali, la kujilinda anapoingia porini kukagua mizinga. Baadaye alikutwa na misokoto ya bangi, akatiwa hatiani na kutumikia kifungo. Sasa yuko huru, lakini kijijini wapo wanaosema kwamba mtu wa dawa za kulevya asishike silaha tena maisha yake yote. Je, ni haki?

Mwanasheria, Tabora Mjini
Hapa kwetu kumiliki silaha ni kibali chenye masharti, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali hufutwa. Marekani ndiko swali kama lako linakozua mgogoro, kwa kuwa haki ya kumiliki silaha imo katika katiba yao tangu 1791, ilhali sheria yao ya 1968 inamzuia karibu kila aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka mmoja jela, hata kama yeye hakulala gerezani usiku mmoja.

Mkulima wa Tumbaku, Kaliua
Mimi ningemnyima, tena bila kusita. Gobore hushindiliwa baruti kwa mkono, na mtu akishavuta, kichaka kikitikisika hatofautishi nguruwe pori na mama anayeokota uyoga.

Mstaafu, Urambo
Ndugu wa Kaliua, hofu yako naielewa, ila mlevi wa gongo mwenye gobore mbona hatumuulizi? Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Rahimi, ilikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni hatari kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Kipimo hicho cha hatari ndicho ningekitumia: anayesafirisha magunia ya bangi, ambaye bunduki ni sehemu ya biashara yake, asipewe kamwe, aliyekutwa na misokoto aombe upya baada ya miaka kadhaa, na wanakijiji wanaomfahamu waulizwe mwenendo wake.

Halafu mleta mada hujatueleza gobore lenyewe liko wapi. Kama kibali kimefutwa na bado limeegemezwa nyuma ya mlango, hilo ni kosa jipya, zito kuliko misokoto. Mjomba alisalimishe polisi kwanza, ndipo tujadili mengine.