Jina langu limewekewa alama daftarini, na kura 14 za Shakopee

Mama Pacha
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kutwa. Niliapishwa kuwa raia mwaka jana, nikapeleka cheti DVS, ofisi ya leseni za udereva hapa Minnesota, nikabadilishiwa leseni, na kwa utaratibu wa sasa jina langu likaingia lenyewe katika daftari la wapigakura. Baadaye tulihama nyumba, na ile kadi ya posta ya kuthibitisha anwani ikarudishwa, kwa sababu posta hairuhusiwi kuipeleka kwenye anwani mpya. Jumatatu nilikwenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti yetu nikiwa na wanangu wawili mkononi. Karani aligeuza kioo cha kompyuta kidogo, nikaiona alama ya kutiliwa shaka mbele ya jina langu. Hakunipa maelezo yoyote kwa maandishi, ila alisema kwamba leseni ina majina mawili na cheti kina matatu, hivyo nirudi na cheti. Ninachoomba kujua ni hiki: je, ni lazima nibebe cheti halisi cha uraia, au nakala inatosha? Kikipotea nitaanza kuhangaika na N-565, fomu ya kuomba cheti kingine, na ada yake, na uchaguzi wa bunge la jimbo ni tarehe 3 Novemba 2026.

Mzee wa Rochester
Binti yangu, marahaba. Lifuatilie jambo hilo mpaka mwisho, wala usikubali kuambiwa kwamba kura moja si kitu. Mwaka 2024 mgombea wa DFL, yaani Democrat wa hapa Minnesota, kule Shakopee, wilaya ya 54A, alishinda kwa kura 20 tu, mahakama ikaamuru uchaguzi urudiwe, na Baraza la Wawakilishi la jimbo lote likakwama kwa ajili ya kiti kimoja.

Nesi wa zamu ya usiku
Mzee, kwa heshima zote, umechanganya mambo mawili, na habari ya namna hii ikisambaa inatuharibia. Brad Tabke alimshinda Aaron Paul wa Republican kwa kura 14. Hizo 20 ni kura za mapema zilizopotea kabla ya kuhesabiwa, na uchunguzi ulionyesha kwamba yaelekea zilitupwa pamoja na takataka zikiwa bado ndani ya bahasha zake za siri. Wenye kura hizo walitambuliwa, na sita kati yao wakatoa ushahidi mahakamani kwamba walimpigia Tabke, kwa hiyo hata kama nyingine zote 14 zingekuwa za Paul, asingempita. Januari 2025 jaji akaamua kwamba Tabke ndiye mshindi halali, na hakuna uchaguzi uliorudiwa Shakopee.

Niongeze jambo moja kwa walio na grini kadi: ukiwa DVS usikubali kamwe kuandikishwa, hata karani akikosea kukuuliza, kwa sababu N-400, fomu ya kuomba uraia, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha kupiga kura.

Baba wa Brooklyn Park
Uchaguzi uliorudiwa ni wa wilaya ya 40B, upande wa Roseville na Shoreview. Curtis Johnson alishinda Novemba, lakini mahakama ikaona kwamba hakuwa amekaa katika wilaya hiyo miezi sita inayotakiwa, na David Gottfried akakichukua kiti tarehe 11 Machi 2025. Matokeo ya Novemba yalikuwa viti 67 kwa 67, sare ambayo haikuwa imeonekana tangu uchaguzi wa 1978. Kwa kuwa kiti kile kilikuwa wazi, Republican walibaki na mmoja zaidi, DFL wakasusia vikao, na Mahakama ya Juu ikasema akidi ni wajumbe 68. Mwishowe walikubaliana kugawana kamati, na Lisa Demuth akawa Spika.

Msidhani hayo ni ya wanasiasa peke yao. Kwa sababu ya sare hiyo, bajeti ya Juni 2025 haikupita mpaka watu wazima wasio na karatasi walipoondolewa katika MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kuanzia mwisho wa mwaka huo, wakabaki watoto tu. Kura zilikuwa 68 kwa 65, na wa DFL aliyeunga mkono alikuwa mmoja, Melissa Hortman, mwakilishi wa hapa kwetu. Siku chache baadaye, tarehe 14 Juni, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Nilipanga foleni Septemba kumpigia kura mrithi wake, na katika kituo kizima hapakuwa na aliyepaza sauti. Xp Lee alishinda, na hesabu ikarudi 67 kwa 67.

Mwalimu, Saint Cloud
Nyumbani Kenya tulizoea kuyasoma matokeo ya mbunge wetu kwenye Fomu 34A iliyobandikwa mlangoni pa darasa, usiku uleule, kwa mwanga wa tochi. Nayakumbuka sana. Hapa kwetu sasa kuna Huldah Momanyi Hiltsley wa wilaya ya 38A, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia katika bunge hili, na siku alipochaguliwa nilimpigia mama simu kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Nesi wa zamu ya usiku
34A ni ya urais, Mwalimu. Ya mbunge ni 35A.

Mzee wa Rochester
Nimesahihishwa, na nashukuru. Lakini hili nina hakika nalo, kwa kuwa nimelifanya mwenyewe: Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku ileile ya uchaguzi, na mpigakura wa kituo hicho aweza kuwathibitishia makazi watu wasiozidi wanane. Ninyi mnaofanya kazi katika nyumba za wazee mnaweza kuwathibitishia wakazi wote wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2024 niliwapeleka wazee watatu kituoni, na mmoja wao, mwenye umri wa miaka tisini, alinishika mkono mpaka kura yake ilipoingia mashineni.

Mama Pacha
Nawashukuru nyote, nami Mungu akipenda nitapiga kura. Ila Alhamisi saa nne ninarudi kwa karani yule, na bado sijajua: cheti halisi, au nakala?