Yordani, Kanaani, treni: namna ya kusoma mashairi ya watumwa waliotoroka

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Jambo wandugu. Wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanasoma mashairi ya Marekani juu ya watu waliotoroka utumwa. Wakikuta Yordani ao Kanaani, darasa zima linajibu "mbinguni", kama kanisani. Wakikuta treni wanatafuta reli kwenye ramani. Tena, huyo aliyetoroka tumwite nani: mtoro ao mkimbizi?

Msomaji_Himbi (Goma)
Mwalimu, "mbinguni" si kosa, ni nusu ya jibu. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1838, aliandika mwaka 1855 kwamba yeye na wenzake walipoimba Kanaani walikuwa na Kaskazini moyoni, yaani majimbo yasiyo na utumwa. Bwana alisikia wimbo wa dini, wenzake wakasikia safari. Usiwalazimishe wanafunzi kuchagua maana moja, maana mstari umetungwa kwa masikio mawili.

Halafu waulize shairi linasimulia mwaka gani. Sheria ya 1850 iliwaamuru hata raia wa Kaskazini kusaidia kuwakamata waliotoroka, kwa hiyo baada ya hapo Kanaani inasogea mpaka Kanada. Yordani mara nyingi ni mto Ohio: upande wa kusini Kentucky yenye utumwa, ng'ambo jimbo la Ohio lisilo nao. Mto ulioganda nao usiufanye fumbo haraka. Kwenye baridi kali Ohio iliganda kweli na watu wakauvuka kwa miguu.

Jina sasa. Hapa Goma ukiandika "mkimbizi", mtoto anaona turubai na kambi. Aliyekimbia vita hakuwa mali ya mtu. "Mtoro" ni neno la zamani la pwani kwa mtumwa aliyetoroka, ila leo ni mwanafunzi anayekwepa masomo. Usilitupe: limebeba macho ya bwana, kana kwamba kosa ni la aliyeondoka. Washairi wengine huingiza ndani ya shairi tangazo la gazeti la kumtafuta mtu: kimo, kovu, nguo alizovaa, kiasi cha zawadi. Hapo weka "mtoro", kwa sauti kavu ya komunike ya redio. Mshairi akirudi kusema mwenyewe, weka "aliyejitoa utumwani". Waandike pembeni ya kila ubeti nani anasema. Wasipofanya hivyo, watadhani mshairi mwenyewe ndiye anayetoa zawadi.

Fundi_wa_Maneno (Lubumbashi)
Naongeza juu ya treni. "Underground Railroad", mtandao uliowasaidia waliotoroka, usiitafsiri "reli ya chini ya ardhi". Hapa Lushi watasoma mgodi, moja kwa moja. Haikuwa chini ya ardhi wala haikuwa na vyuma. Ilikuwa watu, nyumba na njia za usiku. "Reli ya Siri" inatosha. Kituo ni nyumba ya kufichia, mzigo ni watu. Mtego uko kwenye kondakta: kwa Kifaransa chetu ni dereva, kumbe huyu anatembea mbele kwa miguu. Mwite mvushaji. Harriet Tubman, aliyetoroka mwaka 1849, alirudi Maryland mara 13 hivi na kuvusha watu 70 hivi.

Nyota ya Kaskazini nayo haionekani kwetu: toka Lubumbashi iko zaidi ya nyuzi 10 chini ya upeo. Wanafunzi wakuone ukiielezea kwa anga lenyewe. Jioni za mwezi wa nne na wa tano, tazameni kaskazini, chini: nyota saba, kibuyu chenye mkono, mdomo chini kama kinachomwaga maji. Chukua nyota mbili za ukingo ulio mbali na mkono, rudia umbali wake mara tano kuelekea mdomo unakotazama. Mstari unaingia ardhini. Kule Marekani unafika kwenye nyota ambayo usiku kucha karibu haihami, ndiyo sababu ikawa kiongozi.

Ila wimbo wa kibuyu, ule wa Marekani unaosema "fuata kibuyu", yaani nyota hizo, usiufundishe kama ramani ya siri iliyothibitishwa. Ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1928, miaka 63 baada ya utumwa kufutwa, na wanahistoria wanaubishia.

Mwalimu_Kadutu
Aksanti sana. Na mistari ya vitenzi vitupu, bila nafsi wala koma?

Msomaji_Himbi
Kiswahili hakikubali kitenzi kitupu, isipokuwa cha kuamuru. "Anakimbia anaanguka anainuka" inaleta mtu mmoja na kuchelewesha mwendo. "Kukimbia kuanguka kuinuka" inaficha nafsi, na ile ku-ku-ku inagonga kama pumzi. Koma usiweke hata moja. "Hukimbia" iepuke, inageuza usiku ule kuwa mazoea.