Mhadhiri wa stadi za mawasiliano kachomoa waya wa projekta nikiwa katikati ya neno!

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka darasani sasa hivi na mikono inatetemeka, wala si kwa woga wa kusimama mbele za watu. Ni hasira tupu.

Ni yule yule mnayemjua. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyepita kwenye kozi yake akisikia vile viatu koridoni tumbo linamchafuka.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuwasilisha. Mada: namna ya kuendesha kikao cha kazi. Nimevaa suti. Nimesalimia, nimejitambulisha, nimetaja hoja zangu tatu kama alivyoagiza mwenyewe. Naingia slaidi ya pili, nafungua mdomo niseme "ajenda", jamaa huyo akainuka. Nikadhani anaenda kufunga dirisha. Akanyoosha hadi mezani, akachomoa waya. WA PROJEKTA. Ukuta ukabaki mtupu, na mimi nikabaki na "aje..." mdomoni. Akarudi zake kitini, akakunja nne, akasema: "Haya, sasa zungumza na watu."

Amechomoa waya, jamani!

Darasa zima likaangua kicheko, mpaka wale ambao tangu muhula uanze hawajawahi kufumbua macho kwenye kipindi kile. Leo wamefufuka wote kuja kunicheka mimi.

Na huyu ndiye anayetufundisha heshima ya mazungumzo kazini! Slaidi zake anazisoma neno kwa neno ametupa mgongo, maandishi madogo hata sisimizi angeomba miwani. Kutufundisha jinsi ya kupumua kabla ya kuanza? Hajawahi. Mikono ikae wapi? Hajawahi. Ukisahau ulichotaka kusema ujiokoeje? Hajawahi! Kila wiki wimbo ni mmoja: "Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno." Kama maneno ni asilimia 7, mbona mtihani wake ni maneno kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Si angetuita tutikise mabega tupate A?

Nimejaribu kuendelea, maana mada naijua. Lakini unaendeleaje wakati mtu kakushikia waya? HAKUURUDISHA. Kakaa nao mpaka mwisho anauzungusha kidoleni. Halafu fomu ya tathmini inarudi, naisoma: "Matumizi ya vielelezo: 0."

Sifuri ya vielelezo! Vielelezo alivyovizima yeye! Waya uko mkononi mwake, sifuri iko kwangu!

Nataka mtu mmoja tu aniambie hii ni elimu ya wapi.

Mkaa Nyuma: Ngoja waje wenye busara. Mimi nimekuja kucheka. "Aje..."

Kijiti cha Tano: Naomba picha ya suti.

Safu ya Mbele: Nilikuwepo. Mtoa mada, mbona hujasema slaidi ya pili ilikuwa na aya nne nzima na ulikuwa unazisoma huku umeuangalia ukuta? Sisi tulipewa kisogo tu.

Mtoa mada: Aya nne ndiyo sababu ya kuchomoa waya? Si angeacha nimalize, akanikata alama zake kimyakimya? Nionyesheni kwenye mwongozo wa kozi palipoandikwa kwamba mwanafunzi akizidisha aya anachomolewa waya.

Mzee wa Mimbari: Mdogo wangu, pole, ila sikiliza. Guy Kawasaki, yule mjasiriamali na mwandishi wa Marekani, alishaweka kanuni yake ya mawasilisho: slaidi 10, dakika 20, maandishi yasiwe chini ya pointi 30. Kwa ukubwa huo aya nne hazienei hata uzisukume kwa goti. Na pale Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, msemaji maarufu Edward Everett alihutubia karibu saa mbili, kisha Rais Lincoln akasimama na maneno yasiyofika 300. Leo hotuba inayokaririwa ni ya nani? Na projekta hakuna.

Mtoa mada: Mzee, Lincoln hakuchomolewa waya.

Mkaa Nyuma: Nimeanguka kitandani.

Bi Takwimu: Naomba nipite na hiyo asilimia 93, maana imenichosha. Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Alikuwa anapima jinsi watu wanavyohisi kama msemaji anawapenda au hawapendi, pale maneno yake yanapopingana na sauti au uso wake. Mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu ile haihusu mazungumzo yote. Ukiwaambia watu kikao ni saa tatu asubuhi, hakuna nyusi zitakazowafikishia hiyo saa tatu. Anayelikariri jambo hilo kila muhula bila kulisoma ndiye wa kupewa sapu.

Mtoa mada: ASANTE dada. Nitalichapisha nilibandike mlangoni kwake. Tena nitatumia pointi 30.

Safu ya Mbele: Na aya nne?

Fundi Mitambo: Mimi kinachoniuma ni waya wenyewe. Kwenye PowerPoint, slaidi zikiwa zinaonyeshwa, ukibonyeza herufi B skrini inakuwa nyeusi. Ukibonyeza tena inarudi. Herufi moja! Kama shida ni watu wautazame uso wako na si ukuta, basi dawa ndiyo hiyo, na wewe mwenyewe ungeitumia kabla hajainuka. Watu mnanyofoa nyaya kwa hasira, matundu yanalegea, halafu mnaniita asubuhi kwamba picha inakuja na rangi ya zambarau.

Mtoa mada: Fundi, umeona mwenyewe! Kulikuwa na B. Akachagua waya.

Sauti Kavu: Afadhali yako imechomolewa mara moja ikaisha. Wa kwetu ana kengele, anaigonga kila ukisema "eee". Mwenzangu alianza "eee, mimi naitwa", akagongewa kabla jina halijatoka. Tumemaliza muhula hatujamjua ni nani. Hakuna aliyetuambia kwamba ukikwama unanyamaza sekunde mbili tu, unavuta pumzi, na anayesikiliza anaona umetulia. Sisi tulifundishwa kuogopa kengele.

Kijiti cha Tano: Bado nasubiri picha ya suti.

Mpenda Kale: Plutarko, mwandishi wa kale wa Ugiriki, anasimulia kuwa Demosthenes alijitia kokoto mdomoni akawa anahutubia ili ulimi unyooke. Na bado akawa msemaji mkubwa wa Athens. Vijana wa leo waya mmoja tu mnafungua uzi.

Mkaa Nyuma: Wewe, habari za kokoto zisimfikie yule mtu. Wiki ijayo tutaambiwa tuje na ndoo.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye waya. Nataka kukata rufaa ya ile sifuri. Naanzia wapi?

Nimechoka na Kundi: Waya, kengele, kokoto, nyie wote mna raha. Njooni kwenye wasilisho la kundi. Sisi tulikuwa sita. Utafiti nimefanya mimi, slaidi nimetengeneza mimi, mazoezi nimefanya na ukuta. Mmoja alitokea siku yenyewe, shati limenyooka, akaomba apewe kipande cha "asanteni kwa kutusikiliza". Akakisema vizuri, akapigiwa makofi. Alama tumepata sawa!

Sauti Kavu: Huyo yupo kila kundi. Kwetu alikuwa anabadilisha slaidi, na bado alizipitiliza.

Bi Takwimu: Kwetu alikuwa anaitikia kwa kichwa wenzake wakiongea. Akaandikiwa "mshiriki mzuri".

Shati Jeupe: Samahani, Nimechoka. Mada yenu ilikuwa barua za maombi ya kazi?

Nimechoka na Kundi: Ndiyo. Kwani vipi?

Shati Jeupe: Basi ni mimi unayenisema. Na mbona umeficha kwamba kompyuta ilikuwa yangu?

Nimechoka na Kundi: Kompyuta iliyozimika chaji slaidi ya tatu?

Mkaa Nyuma: Sogeeni jamani, naweka mkeka.

Shati Jeupe: Chaja ulikuwa nayo wewe! Uliichukua tangu jana yake ukasema utakuja nayo!

Nimechoka na Kundi: Niko nje ya maktaba sasa hivi. Njoo uyarudie hayo hapa.