Cheti, SMS au kidole: makarani wa ghala waingieje kwenye mfumo?

KoroshoNet
Wakuu, habarini. Nina mfumo ambao makarani wa maghala ya Tandahimba na Newala wanaingiza uzito wa korosho kwa simu. Nywila wanapeana kama chumvi. Kabla ya mnada wa Oktoba nataka simu isiyo na cheti (faili la kidijitali linaloitambulisha) isione hata ukurasa wa kuingilia. Wengi wana Android, wasimamizi wana iPhone. Au nibaki na namba za siri zinazotumwa kwa SMS?

fundi_ligula
SMS achana nayo, laini ikishasajiliwa upya kwa tapeli umekwisha. Chrome ya Android haina shida: karani anasakinisha faili la .p12 (lenye cheti na ufunguo wake) kwenye mipangilio ya usalama, akifungua tovuti anaulizwa atumie cheti kipi. Ila faili lililotengenezwa na OpenSSL 3 (programu ya kutengeneza vyeti) simu za zamani hulikataa, zinadai neno la siri si sahihi. Litengeneze kwa chaguo la -legacy, yaani mtindo wa zamani.

BintiShangani
iPhone ni Safari tu. Chrome ya huko haifikii vyeti vilivyosakinishwa kwenye simu, ndivyo Apple walivyopanga.

Halafu usidai cheti kwenye ukurasa mmoja tu kama /ghala. Mtindo wa zamani wa kuomba cheti katikati ya mazungumzo ya simu na seva (renegotiation) ulikatazwa na HTTP/2, kanuni ya mawasiliano ya wavuti, na TLS 1.3, kanuni ya usimbaji wake, ikauondoa. Tenga kikoa kidogo (anwani ya pembeni ya tovuti yako), nginx, yaani programu ya seva, idai cheti tangu mlangoni.

MzeeWaNachingwea
Vijana mnaongelea kusakinisha tu. Karani akidondosha simu kwenye basi la Masasi je? Nginx haijui kitu mpaka uipe orodha ya vyeti vilivyobatilishwa na kuipakia upya. Na orodha ikipitwa na muda, inawafungia wote nje, wenye haki na wasio na haki.

BintiShangani
Shikamoo mzee, hapo umegusa penyewe. Ndiyo maana kwa simu ya mtu binafsi napendelea WebAuthn, njia ya kuingia bila nywila, kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2019. Anaweka kidole, ufunguo wa siri hautumwi kwenye seva yako, na kumwondoa ni kufuta mstari mmoja kwenye hifadhidata. Kasoro yake ni kwamba ukurasa wa kuingilia unabaki wazi kwa kila mtu. Simu zikiwa za chama, cheti bado kinashinda.

KoroshoNet
Simu ni zao wenyewe. Basi makarani kidole, vyeti nabakiza kwa simu za ofisini. Mzee, orodha yako unaipa muda gani?

MzeeWaNachingwea
Marahaba binti. Siku 30, na cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) inatengeneza mpya kila Jumapili usiku.