Nimekuja Iringa kwa masomo: nianzie wapi kuujua mji?

Mwanafunzi wa Likoni ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa na kukulia Likoni, Mombasa, na nimekuja Iringa kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili. Tangu masomo yaanze, njia ninayoijua ni ile ya kutoka chumbani kwangu hadi darasani, maktaba, na duka la kutoa nakala, na naona aibu kuandikiana na watu wa nyumbani wanaoniuliza Iringa ikoje nami nikawa sina la kuwajibu.

Kwetu Mombasa ukipotea unauliza feri iko wapi, ukifika hapo umeshajua uendako. Hapa kila nikipinda kona nakutana na mlima au bonde, na mtaa nilioupita asubuhi siutambui jioni. Sitafuti safari ya kitalii, wala fedha yake sina. Ningependa kujua mwenyeji angeanzia wapi kumtembeza ndugu yake aliyekuja kuishi, siyo kupita tu. Pia naomba kujua kama ni salama kutembea peke yangu, na kama zipo saa za kuepuka.

Mkazi wa Kihesa amejibu:

Karibu sana Iringa, mdogo wangu. Unapotea kwa sababu bado hujaujua mteremko, na ukishaujua huo, mengine yote yatakuwa mepesi. Mji huu umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na chini yake upande wa kusini ndiko unakopita Mto Ruaha Mdogo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma haipandi mjini. Inapita huko chini Ipogolo, na ndiyo maana msafiri wa basi anaweza kupita Iringa mara nyingi bila kuuona mji wenyewe. Kwa hiyo, popote ulipo katikati ya mji, jiulize kwanza bonde la Ipogolo liko upande gani. Ukishalijua hilo, umeshajua kusini.

Hatua ya kwanza ningekupeleka kwenye jiwe la Gangilonga, lililo pembezoni mwa mji, mahali ambapo masimulizi ya wenyeji yanasema Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda kukaa na kutafakari. Kulipanda si kazi kubwa, na ukiwa juu unaona mji wote ulivyolala, mabati na miti ikipishana, pamoja na vilima vinavyouzunguka. Kaa hapo nusu saa ukiwa na ramani ya simu, linganisha unachokiona na kilichoandikwa. Nenda mchana, tena uwe na mwenzako, kwa kuwa ni mahali palipojitenga, na uteremke kabla jua halijazama.

Baada ya hapo, fanya zoezi ambalo mimi huwapa vijana wote wanaohamia hapa: panda daladala mjini, nenda nayo hadi mwisho wa njia, kisha urudi kwa miguu kwa barabara ileile. Jumamosi moja njia ya Kihesa, nyingine njia ya Ipogolo (hiyo ya Ipogolo utanilaumu wakati wa kupanda, lakini miguu itazoea). Ndani ya gari hutaona kitu, maana utakuwa umebanwa. Unaporudi kwa miguu ndipo utaona fundi cherehani yuko wapi, mama wa chapati yuko wapi, na njia ya mkato inatokea wapi. Nauli ni ndogo, na hakuna kiingilio.

Mama Milulu amejibu:

Mwanangu, kaka wa Kihesa amesema vyema, ila mji huanzia sokoni. Nenda soko kuu asubuhi, wakati mizigo inashushwa, wala usiende kama mtu wa kupiga picha. Nenda na mfuko, nunua nyanya na vitunguu vya Ilula, maharage, viazi na parachichi, na umnunulie muuzaji yuleyule kila wiki. Mkishafahamiana, huyo ndiye atakayekuambia mtaa gani una vyumba vya bei nafuu, fundi gani ni mwaminifu na njia ipi usipite usiku. Msalimie vizuri kabla ya kuuliza bei. Wahehe tunathamini salamu, na ukisema "kamwene" hata kwa lafudhi ya Pwani utaona uso wa mtu unavyofunguka.

Ukiwa sokoni tazama pia vikapu vya milulu, yaani aina ya matete, vinavyosukwa na akina mama wa vijijini. Usikimbilie kununua siku ya kwanza. Kaa, uliza jinsi linavyosukwa tako la kikapu, na utajifunza kuvitofautisha vilivyosukwa kwa haraka na vilivyosukwa kwa moyo.

Kuhusu usalama, mchana tembea bila wasiwasi, ukichunga simu yako penye msongamano kama unavyoichunga kwenu. Usiku ukichelewa, chukua bajaji, na ni vizuri uwe na namba ya dereva mmoja unayemwamini. Na tafadhali nunua sweta la mtumba mapema. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa huku hauulizi mtu ametoka wapi, na mtu wa Likoni atajifungia ndani miezi miwili kama hakujiandaa, kisha aseme Iringa hakuna pa kutembea.

Mwalimu wa Historia amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Kutembea mitaani ni jambo jema, lakini mgeni asiyejua kilichotokea hapa atapita mbele ya mambo makubwa akidhani ni kuta tu. Makao ya Mkwawa hayakuwa hapa mjini, yalikuwa Kalenga, umbali wa kilomita kama 15. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana msituni hadi mwaka 1898, alipojiua badala ya kukamatwa. Mji huu unaosomea wewe waliujenga Wajerumani juu ya uwanda baada ya Kalenga kuanguka.

Kwa hiyo ningekushauri, kabla ya zoezi la daladala, uingie Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililopo katikati ya mji, ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Ukitoka hapo, mpangilio wa barabara, jina la chuo cha Mkwawa na mnara wa Majimaji vitakuwa na maana kwako. Halafu uende Kalenga kwenyewe, ambako limehifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ingia kwa staha, kwa maana kwa wenyeji pale ni penye mzee wao.

Mwanafunzi wa Likoni ameandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Mama, sweta nimeshalinunua leo. Mwalimu, je, ninaweza kwenda Kalenga na kurudi siku hiyohiyo kwa usafiri wa kawaida, na nikaunganisha na Isimila ninayoisikia wanafunzi wenzangu wakiitaja?

Mwalimu wa Historia amejibu:

Kalenga utakwenda na kurudi bila shida ukiondoka asubuhi, kwa kuwa iko kwenye njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Usiiunganishe na Isimila, kwa sababu hiyo iko upande mwingine, kilomita kama 20 kwa barabara ya Mbeya, na itakubidi urudi mjini kwanza. Isimila ipe siku yake. Kuna zana za mawe walizotumia watu wa Zama za Mawe za Kale, na jirani kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Chukua pasipoti yako huko kote, maana mara nyingi kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wageni wengine. Kwenye hifadhi za taifa ndivyo ilivyo.

Mkazi wa Kihesa amejibu:

Naongeza moja tu kuhusu Isimila. Gari litakushusha barabara kuu, na kutoka hapo kuna kipande cha kutembea au kuchukua bodaboda. Patana nayo ikusubiri au ikufuate kwa saa mtakayokubaliana. Nenda asubuhi, kwa sababu jua la mchana ndani ya korongo ni kali na kivuli ni cha kutafuta. Kama mvua imenyesha usiku, ahirisha, kwa maana udongo wa kule unateleza sana.