Je, Wazungu wote wa Ulaya wana utamaduni mmoja? Naandika karatasi ya madereva wapya

Dereva wa Rwenzori (Fort Portal)

Habari zenu ndugu na dada. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumatatu. Mimi ni dereva wa watalii hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani. Bosi ameajiri madereva wanne na ameniambia niwaandikie karatasi yenye kichwa "Tabia za Wazungu": wanapenda nini, wanachukia nini, wanakula saa ngapi. Siku tatu nimeshika kalamu, mstari wa kwanza tu umenishinda.

Nami nilipoanza nilifundishwa hivyo hivyo: Mzungu anatunza muda, Mzungu anakula saa moja jioni. Nikaamini, mpaka nilipopata familia ya Hispania. Saa moja supu iko mezani, wao ndio kwanza wanakwenda kuoga. Kwao watu hula saa tatu, hata saa nne usiku.

Halafu kulikuwa na mgeni wa Bulgaria. Tunatoka Kibale kwenda Mweya, tunakaribia Kikorongo, nikamuuliza kama tusimame kwenye mstari wa ikweta apige picha. Akatikisa kichwa kulia na kushoto. Nikapita. Jioni akaniuliza kwa upole kwa nini sikusimama. Kumbe kwao kutikisa kichwa vile ndiko kukubali, na kukiinua juu ndiko kukataa. Niliumia, maana alikuwa ameingojea ikweta tangu atoke kwao.

Lakini lililonikaa moyoni ni la wazee wawili wa Ireland. Niliwatambulisha kwa mlinzi wa lango: "Hawa ni Waingereza wangu." Mzee akanyamaza hadi Kasese. Tulipokuwa tunakunywa chai akanisimulia njaa iliyoanza 1845, viazi vilivyoozea ardhini, watu kama milioni moja wakafa na wengine wengi wakapanda meli wasirudi, na wakati huo wote nchi yao inatawaliwa kutoka London. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza msiba wa nyumba yake. Kabla ya siku ile sikujua kwamba Mzungu naye aliwahi kutawaliwa na Mzungu mwenzake.

Sasa nauliza: lipo neno la kweli ninaloweza kuandika kuhusu Wazungu wote? Au karatasi nzima ni kosa?

Mwana wa Masindi

Kaka, wewe unahitaji kufika Nyabyeya, kando ya msitu wa Budongo. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wapolandi waliletwa pale, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamepelekwa uhamishoni na Wasovieti, wakapitia Uajemi, wakafika kwetu kuanzia 1942. Kambi nyingine ilikuwa Koja, ufukweni mwa ziwa. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama, na makaburi yao yapo. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo. Alizoea Mzungu wa kubebwa na kupigiwa saluti. Hawa aliwaona wameshika majembe, wanateka maji, wanalia kwa ajili ya nyumba zao. Hadi anakufa hakuwaita Wazungu. Aliwaita Wapolandi.

Mama Pacha (Kampala)

Nawaheshimu, lakini mimi naona vingine. Berlin, 1884 hadi 1885, walikaa meza moja kupanga masharti ya kugawana Afrika: Waingereza, Wajerumani, Wafaransa, Waitalia, hata Waswidi. Mwafrika hakuwepo hata mmoja. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakaandikiana mkataba, Uganda ikaangukia upande wa Uingereza, Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland. Na leo viza moja ya Schengen inakuingiza nchi 29; ukinyimwa, umenyimwa zote. Wao kwa wao ni wengi. Wakitugeukia sisi ni mmoja.

Mganda wa Antwerpen

Mama Pacha, la viza nalijua, limenitesa. Lakini hapa Ubelgiji tu, nchi ndogo hii, ukipanda treni kwenda Liège matangazo yanabadilika njiani kutoka Kiholanzi kwenda Kifaransa, na mashariki kuna wanaozungumza Kijerumani. Umoja wa Ulaya una nchi 27 na lugha rasmi 24. Wanachoshirikiana kipo: Krismasi, sheria nyingi za biashara, kumbukumbu ya vita. Lakini hata Krismasi, Waserbia wanaila tarehe 7 Januari. Wenyeji hapa nao huniuliza, "Ninyi Waafrika mnakula nini?" Nami natoka nchi ambayo Katiba yake ya 1995 ilitaja makabila 56. Swali hilo linanichosha, kwa hiyo sitaki kuwarudishia.

Dereva wa Rwenzori

Asanteni sana. Mama Pacha, neno lako nimelipokea, na Berlin siibishi. Ila kumbuka Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, 1892. Waganda Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ndugu wakapigana risasi kwa majina ya nchi wasizowahi kuziona, na bunduki za Lugard, kapteni wa kampuni ya Waingereza, zikasaidia upande wa Waprotestanti. Miaka mitatu baadaye wakaletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakakaa Nsambya, ili watu waone kwamba Mkatoliki anaweza pia kuwa Mwingereza. Ugomvi wao wa kwao tuliulipa sisi kwa damu.

Nimeongea na bosi, amekubali tubadilishe kichwa. Sasa ni "Maswali ya kumuuliza mgeni siku ya kwanza". Unatoka nchi gani, na mji gani? Kwenu mnakula saa ngapi? Na dereva asipite kituo chochote mpaka mgeni ametamka ndiyo au hapana kwa mdomo.

Mwana wa Masindi, mwezi wa saba nina wageni wanne kutoka Poland, tunakwenda mbuga ya Murchison. Barabara ya Nyabyeya inapitika mvua ikinyesha? Na ufunguo wa kanisa uko kwa nani?